Mkanda Mwekundu wa Dresa

Dresa alikuwa akimwonyesha mbwa sindano kabla ya kumchoma. Aliishika mbele ya pua yake, akamwacha ainuse, akasubiri mpaka mbwa mwenyewe ageuze uso, ndipo akamchoma kwenye ngozi iliyolegea nyuma ya shingo. Watu walimcheka. Mtu mzima na mvi zake anamwomba mbwa ruhusa! Yeye alijibu kwamba mbwa ukimdanganya mara moja, mara ya pili atakula mkono wako, na haki atakuwa nayo yeye.

Naanza na hilo kwa kuwa mengi nitakayosema hapa yanahusu uongo, na nataka ijulikane mapema kwamba mtu yule hakuwa na uongo hata kwa mnyama. Kwao ni wapi na alikuwa mwana wa nani, sikumuuliza, naye hakuwa msemaji wa mambo hayo. Sisi tuliomjua Kariakoo katika miaka ile ya sitini tulimwita Dresa, basi. Alikuwa ametumika miaka mingi katika idara ya mifugo, akisafisha vidonda na kuchemsha sindano, kisha akastaafu akabaki na jina la kazi. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Cherehani yangu ilikaa barazani, katika nyumba ya Bi Mkubwa mmoja mjane aliyetupangisha chumba mimi na mke wangu, na Dresa alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kila asubuhi nilimwona akipita na mfuko wake wa turubai, na kila asubuhi alinisalimia, "Fundi, umeamkaje?" bila kusimama.

Watu wengi walidhani anapenda mbwa. Hakuwapenda. Sikumwona hata siku moja akimpapasa mbwa kichwani, na hakufuga. "Simpendi mbwa," alisema. "Namtibu. Daktari wa hospitali anampenda nani?" Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na kazi yake ilimpa taabu ambayo mimi Mkristo wa kutoka kusini nilichelewa kuielewa. Alikuwa na kaptura ya kaki na shati moja kwa ajili ya mbwa, akivitundika uani mbali na nguo nyingine. Karibu na pipa la maji aliweka kopo la mchanga safi. Akimaliza kazi aliosha mikono mara saba, mara moja kwa mchanga, pole pole, midomo ikihesabu. Pamoja na hayo, msikitini walikuwapo waliopenda kuacha nafasi ya mtu mmoja kati yao na yeye. Niliwahi kumuuliza kama haimuumi.

"Inaniuma," alisema. "Lakini najisi ina maji yake, Fundi. Ukatili hauna maji."

Na mtu huyo aliyeshika mataya ya mbwa wakali wa maghalani aliogopa paka. Paka akikatiza barazani, Dresa aliinua miguu yote miwili kama mtu aliyekanyaga makaa. Tulimtania sana kwa hilo, naye hakujitetea.

Alikuwa mkali kwa watu kuliko kwa wanyama. Mlinzi mmoja wa ghala upande wa bandarini alimfunga mbwa wake kwa waya, waya ukamla shingo mpaka nyama ikaonekana. Dresa alimtibu mbwa kwanza. Kisha akauchukua ule waya, akamwambia mlinzi atoe mkono, akamfunga kwenye kifundo kwa namna ile ile, akamwambia akae nao mpaka adhuhuri. Ajabu ni kwamba mlinzi alikaa nao. Kulikuwa pia na mama mmoja wa Kigoa kule Mchafukoge aliyemwita mbio kwa kuwa kijibwa chake kilikuwa kinahema na hakiwezi kupanda ngazi. Dresa alikitazama, akatazama na sahani ya biskuti iliyokuwa sakafuni. "Mama," akamwambia, "huyu hana ugonjwa. Huyu ana harusi kila siku."

Mafundisho yake yalikuwa machache, akayarudia mpaka tukayakinai. Kupe asimwagiwe mafuta ya taa, ang'olewe kwa kibano, kichwa na miguu. Ukurutu upakwe salfa iliyochanganywa na mafuta ya nazi, na mbwa azuiwe kujilamba. Mfupa wa kuku usimfikie mbwa kwa hali yoyote. Bakuli lake la maji liwe kivulini, lijazwe kabla hujanywa chai yako, kwa kuwa wewe unaweza kuomba na yeye hawezi. Watoto wa mtaa aliwasimamisha akawaimbisha kama darasa: usimguse anayekula, usimwamshe aliyelala, usimkimbie anayekutazama.

Jambo lililomgombanisha na mtaa mzima lilikuwa la kuuma. Kwetu mbwa akiuma mtu, habari yake imekwisha. Watu wanatoka na mitwango na mawe, na kabla damu haijakauka mguuni mwa aliyeumwa, mbwa ameshatupwa jalalani. Dresa aliliita hilo upumbavu wenye haraka. Mara mbili nilimwona amesimama juu ya mbwa aliyeuma, mikono ameitanua, akipigwa yeye yale mawe. "Mkimuua mtajuaje?" alipaza sauti. "Mtajuaje kama alikuwa na kichaa? Mfungeni siku kumi! Akiwa mzima siku ya kumi, mtoto wenu ni mzima. Mkimuua leo, mmemuua shahidi." Na kidonda akakiosha yeye mwenyewe kwa sabuni ya mche na maji ya kutiririka, kwa muda wa kuchemka birika la chai, mtoto alie asilie.

Kila mwaka kabla ya masika idara ilimwita asaidie kuchanja. Sanduku la barafu lililetwa, na wenye mbwa wakakusanyika kiwanjani Mnazi Mmoja: walinzi, wenye maduka, Wachaga wawili watatu wa soko kuu, Wagoa na vijibwa vyao. Vibati vya chanjo vya kuning'iniza shingoni vilikuwa vikidondoka au kuibwa na watoto, kwa hiyo Dresa akapata wazo. Alinijia na kitambaa kizito cha marekani alichokitia rangi nyekundu, akaniomba nimshonee mikanda, kitambaa mara mbili na mishono mitatu. Mbwa aliyechanjwa akavishwa mkanda mwekundu palepale. Haikuchukua miaka miwili mtaa mzima ulikuwa unajua maana yake. Hata wanawake waliokuwa wakivuka barabara kwa kumwogopa mbwa walianza kutazama shingo kwanza. Naweza kusema nilijivuna. Ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Nami nilikuwa na mbwa. Aliitwa Watasema, kwa desturi ya kwetu ya kumpa mbwa jina la kuwajibu majirani. Bi Mkubwa alimruhusu kwa masharti: asikanyage ukumbini, asikaribie vyombo, alale nje ya mlango wa uani, na bakuli lake lisiguswe na mtu wa nyumba. Masharti hayo tuliyashika. Mjukuu wa Bi Mkubwa, Mwanaidi, mtoto wa miaka kama sita hivi, ndiye aliyekuwa akimchungulia kila asubuhi kupitia tundu la mlango na kumwambia habari za nyumba.

Mwaka ninaousema, siku ya chanjo iliangukia kumi la mwisho la Ramadhani. Mtu asiyekuwa fundi hajui kumi hilo ni nini. Kanzu, magauni ya watoto, suruali za kupunguza, kila mmoja anataka yake kabla ya mwezi kuandama. Asubuhi ile nilimtazama Watasema, nikatazama rundo la vitambaa. Kwenye mtoto wa meza ya cherehani ilikuwamo mikanda iliyobaki. Nikachukua mmoja, nikamvisha. Nilijiambia nitampeleka wiki ijayo kwa Dresa nyumbani. Mke wangu aliporudi sokoni akauliza, "Umempeleka?" Nikajibu, "Nimempeleka." Ilikuwa rahisi hivyo. Wiki ijayo ikaja na yake, na iliyofuata vilevile, na mkanda ulimkaa vizuri.

Masika yalikuwa yamekwisha Watasema alipomuuma Mwanaidi. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Mtoto alifungua mlango wa uani amwonyeshe viatu vipya, na mbwa, ambaye hakuwahi kumkoromea mtu wa nyumba, akamrukia akamuuma juu ya goti. Nilisikia mlio nikakimbia. Nilipofika, vijana wa nyumba ya pili walikuwa wameshashika mitwango. Lakini mmoja wao akasema, "Subirini, ana mkanda," na mikono yote ikashuka. Sitasahau mikono ile ilivyoshuka.

Dresa alifika na mfuko wake. Aliosha kidonda muda wote ule wa birika kuchemka, Bi Mkubwa amempakata mtoto. Kisha akamfunga Watasema kwa kamba kwenye nguzo ya banda, akamtazama macho, akamtazama ulimi.

"Asingekuwa amechanjwa," akamwambia Bi Mkubwa, "ningempeleka mtoto hospitali sasa hivi, akachomwe sindano za tumboni, kumi na nne, moja kila siku. Lakini huyu ana mkanda. Hatutamtesa mtoto bure. Tutamwangalia mbwa siku kumi."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mkubwa. Akanigeukia. "Na wewe Fundi, ahsante kwa kuwa mtu wa kufuata mambo."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Ningesema neno moja tu. Niliona chumba chetu, mke wangu mwenye mimba ya miezi saba, cherehani ikitolewa barabarani, nikasema moyoni kwamba mbwa ni mzima, amekasirishwa tu, nitasubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo nililolichezea halikuwa langu. Na nilimjua mtoto yule. Nilikuwa nimemshonea yale magauni ya Idi.

Siku ya pili Watasema hakula. Siku ya tatu asubuhi nilimpelekea maji, akainama juu ya bakuli asiweze kumeza. Taya lilikuwa limelegea. Alijaribu kubweka ikatoka sauti ya mbwa mwingine, nzito, ya kupasuka, kisha akaanza kuitafuna nguzo aliyofungiwa. Nikaacha bakuli chini nikakimbia nyumba ya tatu.

Dresa alikuwa anakunywa uji. Nilimwambia yote nikiwa mlangoni: sikumpeleka, mkanda nimemvisha mwenyewe. Nilitegemea anitukane, na ningefurahi anitukane. Aliweka kikombe chini. Akauliza swali moja tu.

"Umevisha mingine mingapi?"

"Hakuna mwingine, Mzee. Ni huo mmoja."

"Wallahi?"

"Kwa jina la Mungu."

Akavaa kofia akatoka. Nusu saa haikupita, alikuwa ndani ya teksi na Bi Mkubwa na Mwanaidi kwenda hospitali. Sindano zilianza siku ile ile. Kwa siku kumi na nne, Dresa alifuatana nao kila asubuhi. Mtoto alilia akimwona tu akiingia mlangoni, akajificha chini ya kitanda, na ilibidi yeye ndiye apige magoti amtoe. Hakumwambia kwamba haitauma. Alimwambia, "Itauma, mama. Leo ni ya sita. Zimebaki nane."

Watasema alikufa siku ya tano tangu kuuma. Dresa aliporudi hospitali alikaa karibu naye mpaka mwisho juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa umbali ambao kamba haikufika, na alipoona mimi siwezi kutazama akaniambia niende kazini. Yeye ndiye aliyempeleka idarani wakampime, na jibu lilikuwa tunalolijua. Ilikuwa kichaa.

Sasa ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo silielewi vizuri. Bi Mkubwa alitaka kujua. Mbwa aliyechanjwa anapataje kichaa? Mtaa wote ulitaka kujua. Siku ya Ijumaa, watu wametoka msikitini, Bi Mkubwa alimsimamisha Dresa mbele ya baraza letu, hatua tatu kutoka kwenye cherehani yangu.

"Dawa yako ni maji, Dresa," alisema, na sauti yake ilifika ng'ambo ya barabara. "Mjukuu wangu anatobolewa tumbo kwa uzembe wako. Tulikuamini na vitambaa vyako."

Dresa hakunitazama. Kama angenitazama, nadhani ningesimama. "Ni kweli, Bi Mkubwa," akasema. "Kosa ni langu. Mbwa yule alinipita, sikumchanja. Nisamehe."

"Sikusamehe," akasema Bi Mkubwa.

Mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani. Hata uzi haukuwamo kwenye sindano, lakini mguu ulikanyaga tu.

Jioni yake nilimfuata. Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anaosha mikono, ikabidi nisubiri amalize. Alisema mke wangu ana mimba na watu walikuwa na hasira. Kisha akasema jambo jingine, ambalo nadhani ndilo alilolimaanisha zaidi. "Nilitazama mkanda, Fundi. Miaka yote nimewaambia watu watazame mbwa. Siku ile mimi mwenyewe nikatazama mkanda." Nilimwambia nitakwenda kusema ukweli. Akasema, "Ukiweza, nenda." Sikuweza. Mwezi ule sikuweza, mtoto wetu akazaliwa sikuweza, na kila mwezi ulivyopita neno lilizidi kuwa kubwa na mdomo ukawa mdogo.

Mwanaidi alipona. Hilo nalishukuru kila siku. Lakini mwaka uliofuata, sanduku la barafu lilipoletwa Mnazi Mmoja, walikuja watu wanne. Wengine walisema dawa ya Dresa ni maji, mjukuu wa Bi Mkubwa ni ushahidi. Mikanda mipya niliyoshona ilibaki ndani ya kikapu. Miezi michache baadaye kikatokea kichaa tena, mbwa wawili upande wa Ilala, na wakubwa wa mji wakaona hakuna njia isipokuwa nyama ya sumu. Ilitegwa alfajiri. Kulipokucha mbwa walikuwa wamelala kuanzia sokoni mpaka Mchafukoge, wenye wenyewe na wasio na wenyewe. Dresa alipita na gunia. Alikuwa anainama kwa kila mmoja, anatazama shingo, anafunika uso kwa gazeti, anaendelea. Mtu aliyesema hawapendi. Nilimwona akifika kwa mbwa wa yule mlinzi wa ghala, kovu la waya bado linaonekana, akakaa chini kabisa, barabarani, na kaptura yake.

Hakufanya kazi tena baada ya hapo. Alihamia Magomeni kwa binti yake. Mimi nami nilipata chumba cha duka Mchafukoge, nikahama kwa Bi Mkubwa kwa maneno mazuri na zawadi ya kanga.

Mwishoni mwa miaka ile nilikuwa kwetu kusini miezi mitatu kwa msiba wa baba. Kumzika baba kunamfanya mtu ahesabu mambo yake. Nilirudi Jumatano, na Jumamosi nikaenda Magomeni, bila hata kupita Kariakoo. Nilimkuta Dresa kitandani, amebaki mifupa, lakini macho ni yale yale.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Fundi! Kaa hapo."

Nilikaa kwenye kigoda. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya mkanda. Akasema habari hiyo ilikwisha. Nikasema haijaisha, na kwamba kutoka pale nakwenda moja kwa moja kwa Bi Mkubwa, nimwambie. Akatafuta pumzi.

"Kumbe hukupata habari," akasema. "Bi Mkubwa tumemzika. Leo wiki ya tatu."

Dresa akaendelea.

"Alikuja hapa kabla. Aliletwa na mjukuu wake, amemshika mkono. Alikaa hapo ulipokaa. Akaniambia, 'Dresa, nimekuja kukusamehe. Sitaki kwenda nalo kaburini.'"

"Ukamjibu nini, Mzee?"

"Nilimwambia ahsante."

Nililia, na sioni haya kulisema. Nilimwambia basi amenisamehe na mimi, kwa kuwa kosa lililosamehewa ndilo langu. Dresa akatikisa kichwa juu ya mto. Hakuwa mtu wa kumdanganya mtu ili anyamaze.

"Hapana, Fundi. Angejua, labda angekusamehe. Hakujua. Msamaha ule aliniletea mimi, siwezi kukukatia kipande." Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Mjukuu yupo."

Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka Kariakoo. Mwanaidi alikuwa uani anaosha vyombo, msichana mrefu sasa, kanga kiunoni. Alinipa shikamoo akanivutia kigoda. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, tangu asubuhi ile ya Ramadhani mpaka Ijumaa ya barazani, na sikujipunguzia.

Aliendelea kushika sufuria mkononi, maji yakichuruzika.

"Kwa hiyo bibi alikwenda kumsamehe mtu asiyemkosea," akasema.

"Ndiyo."

"Na babu Dresa akaitikia."

"Ndiyo, mwanangu."

Akaweka sufuria chini, akajifuta mikono, akapita mbele yangu ukumbini akiwa haniangalii. Nilimfuata. Nilidhani ananionyesha mlango. Alipofika barazani akasimama pale pale aliposimama bibi yake Ijumaa ile, akaanza kuwaita majirani, mmoja mmoja kwa majina, waje wasikie.